Mwalimu Aliyeacha Kuinama

Ukitaka kununua kitambaa dukani kwangu na una haraka, usije wakati Mwalimu anatoka nyumbani kwake. Nyumba yake imetazamana na duka langu hapa Kibondo mjini, tumetenganishwa na barabara tu, tena nyembamba, na mimi hiyo barabara naivuka hata sijamaliza kumeza chai. Mwalimu huivuka kwa muda wa kuiva maharage. Si kwamba mama huyu ana mguu mbaya. Ni salamu. Barabarani kuna watu, na Mwalimu hapiti mtu.

Wasiotujua huku hudhani natia chumvi, kwa hiyo nieleze. Waha, wenyeji wa hapa, husalimiana kwa mwili mzima. Unainama, unapiga makofi taratibu, mikono inashika mikono kisha inapanda viwikoni, na hapo ndipo maswali yanaanza: umeamkaje, watoto wameamkaje, mihogo shambani je, mbuzi je, yule shangazi aliyekuwa anaumwa je. Mwenzio anajibu huku naye ameinama, halafu anakuuliza yote uliyomuuliza. Mimi nimezaliwa hapa hapa, ila babu zangu walitoka pwani wakapitia Ujiji, na kwetu salamu ni shikamoo, marahaba, haya sema shida yako. Kwa mwakeye moja ya Mwalimu, yaani salamu yake ya asubuhi, mimi ningekuwa nimeuza kanga, nimerudisha chenji na nimeshagombana na mteja mwingine.

Nilikuwa namwambia. "Mwalimu, watu wana kazi zao."

"Mama Salma," ananijibu bila kugeuka, "mtu si mlango, kwamba unampita tu."

Alifundisha darasa la kwanza na la pili miaka yote ya kazi yake. Nusu ya mji huu imejua a, e, i, o, u mbele ya macho yake, wakiwemo wanangu. Kustaafu kwake kumebaki kwenye makaratasi. Siku moja aliingia dukani bwana mmoja mkubwa wa ofisini, suti, viatu vinang'aa, simu mbili mkononi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kile kiti changu cha wageni. Akamsalimia yule bwana kwa utaratibu wake wote, na walipofika kwenye kushikana mikono, akaugeuza mkono wa bwana mkubwa na kutazama kucha. Alizitazama kwa muda. "Hizi zinasubiri nini?" akauliza. Yule bwana, ambaye watu hungoja nje ya mlango wake asubuhi nzima, akaniomba wembe. Nilimuuzia, akakata kucha pale pale kwenye kizingiti, na Mwalimu akamkagua tena kabla hajamruhusu kuondoka.

Makondakta wa mabasi ya Kasulu wote walikuwa wanamjua. Wakimwona anakuja stendi, wanaanza kumbembeleza tangu mbali. "Mwalimu, panda kwanza, utawasalimia ukishuka Kasulu." Naye anawajibu kwa upole kabisa kwamba wa Kasulu ni watu wengine. Basi linaunguruma, abiria wanalalamika, na yeye anamalizia na muuza ndizi. Kwenye simu ndiyo balaa zaidi. Vocha ilikuwa inakwisha kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Nduguye anayekaa kijiji cha Titye alikosa mazishi ya jamaa yao kwa sababu hiyo hiyo. Alipigiwa asubuhi, akaulizwa habari za nyumbani mpaka simu ikakatika, akapigiwa mchana, wakafika kwenye mbuzi, ikakatika, na alipokuja kuambiwa nani amefariki, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Mwalimu alisema kosa ni la mtandao.

Lakini hiyo hiyo salamu ilimkamatia mwizi. Mchana kweupe kijana aliingia uani kwake akawa anajaza kwenye gunia mihogo iliyoanikwa. Mwalimu akatoka jikoni, akamwona, akainama. Na yule kijana, kumbe kalelewa, akaliweka gunia chini akainama naye. Wakasalimiana. Mama yako hajambo? Hajambo. Mmelima kiasi gani mwaka huu? Kijana anajibu jasho linamtoka, hawezi kukimbia, maana ukiinama na mtu mzima amekushika viwiko, utamkimbiaje? Majirani wakaja, wakawakuta bado wako kwenye habari za shambani. Walipotaka kumvuta, Mwalimu akawakemea. "Hatujamaliza." Mwishoni alimpa mihogo kidogo ampelekee mama yake, na mpaka leo yule kijana akipita hapa huinama toka kwenye kona.

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtakatifu. Alihubiri subira kutwa, na hakuweza kusubiri maharage yaive. Alikuwa anayala yakiwa bado yanagongana mdomoni, halafu anashika tumbo na kulaumu mbegu za siku hizi. Aliwafundisha watoto kwamba mtu akiumwa aende hospitali, asiende kwa mganga wala asijitibu, na yeye mwenyewe alikuwa na chupa ya maji ya shubiri chini ya kitanda kwa kila ugonjwa uliopo duniani. Siku za chanjo shuleni alikuwa anawapanga watoto mstari, anawapa moyo, anamshika mkono anayelia, na muuguzi akimgeukia kumsemesha, Mwalimu hayupo. Yuko stoo, anahesabu chaki. Aliogopa sindano kuliko simba.

Ndiyo maana alificha kifua chake.

Kilianza na sauti. Amekaa dukani kwangu, tumenyamaza, mara nasikia goro, goro, goroo. Nikatazama friji. Friji imezimwa, umeme umekatika. "Ni nini hicho?" Akasema njaa, na alikuwa ndiyo kwanza amemaliza sahani yangu ya wali. Kanisani kwao, nasikia, padri akiwaambia waumini wanyamaze wamwombe Mungu kimoyomoyo, sauti pekee iliyokuwa inasikika ni ya kifua cha Mwalimu. Akahama benchi lake la mbele akawa anakaa nyuma karibu na mlango. Duka la dawa wakamuuzia vidonge vya tumbo. Wengine wakamwambia ni pumu. Shubiri ikapungua kwenye chupa.

Kisha salamu zikafupika. Mara ya kwanza nilidhani macho yangu ndiyo mabovu. Mwalimu alitoka kwake, akamwambia muuza ndizi "habari za leo" akiwa amesimama wima, akamwambia fundi baiskeli "hujambo," na akawa ameshafika kwangu. Nilikuwa bado natafuta miwani. Muuza ndizi alibaki ameinama peke yake katikati ya barabara, mikono imetangulizwa mbele, pikipiki zinamkwepa.

Hapo ndipo mji ulipochanganyikiwa. Kwa wenzetu Waha, mtu akikufupishia salamu, amekupa hukumu. Na aliyefupisha ni Mwalimu! Wengine wakasema anataka udiwani, kichwa kimeshaanza kuvimba. Wengine wakasema kaokoka katika dini ya watu wasiosalimiana, ambayo mimi sijawahi kuiona. Lakini wengi walirudi majumbani kujiuliza wamemkosea nini, na kila aliyejiuliza alipata jibu. Jembe lake lililoazimwa toka enzi za mvua kubwa likarudi, limesafishwa. Sufuria ikarudi. Mama mmoja akaja kuungama kwamba ni mbuzi wake aliyekula miche ya kahawa, wala si mbuzi wa yule jirani aliyekwisha kulipishwa. Fundi baiskeli akaja na jogoo, hata hakusema ni kwa kosa gani. Mwalimu alikuwa anapokea vyote akiwa wima kama mlingoti, anasema "haya, asante," na wao wanaondoka na hofu zaidi, wakidhani toba haijakubaliwa. Mimi nilicheka sana wakati ule, sikujua.

Kicheko kilikwisha siku ya wakwe.

Mwalimu ni mjane, na kitinda mimba wake, Editha, ndiye aliyebaki bila kuolewa. Editha anafundisha shule moja upande wa Kasulu, na huko huko alipatana na kijana mwalimu mwenzake, mtu wa Mabamba, kule mpakani na Burundi. Kijana mpole, anapenda kusikiliza. Mwalimu alimpenda kuliko Editha alivyompenda, na alisema wazi kwamba akishawaona hawa wawili ndani ya nyumba yao, yeye hana deni tena duniani. Basi wazee wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja kujitambulisha, na atakayetangulia ni mama yake.

Mimi nilipika pilau, tukasaidiana na Editha kupanga viti. Mama wa Mabamba alikuja na mwanawe, akashuka kwenye gari, mwanamke mrefu, kavaa kitenge kizuri kweli, ninajua vitenge. Akamwona Mwalimu mlangoni. Akaanza kuinama tangu kwenye mchongoma, anapiga makofi, anakuja hivyo hivyo ameinama, sauti tamu. Ndivyo wanavyofanya wanawake wawili wanaopeana watoto. Mwalimu alikuwa anatakiwa ainame naye, wakutane katikati.

Hakuinama. Alinyoosha mkono mmoja. "Karibuni, kaeni," akasema.

Mama wa Mabamba alibaki chini, makofi yakapungua, yakakoma. Pakawa kimya. Na katika kimya hicho, kifua cha Mwalimu kikanguruma, goro, goroo, sauti ya mtu anayemsonya mwenzake kwa ndani. Yule mama akainuka polepole. Akaketi kwenye ncha ya kiti. Soda hakuigusa, pilau hakuionja, akauliza barabara ya kurudi ikoje, na kabla ya wali kupoa walikuwa wameshapanda gari. Kijana alimtazama Editha kupitia kioo cha nyuma. Editha aliingia chumbani na kujifungia.

Nikavuka barabara na kurudi mara ngapi sijui, hasira zimenijaa. Mwisho nikaingia. Mwalimu alikuwa jikoni.

"Mwanao amekukosea nini?" nikamuuliza. "Hukumtaka huyo kijana, si ungesema? Umemdhalilisha mwenzio mbele ya watu. Wewe, uliyemwinamia mwizi!"

Akainama kuchochea moto, nadhani ili asinitazame, na hapo ndipo nikaona. Alivyoinama tu, pumzi ikakatika. Midomo ikawa ya majivu, mkono ukashika ukuta, akawa anavuta hewa haiingii. Nikamnyanyua. Alipokuwa wima hewa ikarudi kidogo kidogo. Nikaweka sikio kifuani kwake, pale ambapo moyo unatakiwa kusikika, na nikasikia chakula. Wallahi nilisikia chakula kinatembea, maji yanamwagika, kama sikio nimeliweka kwenye tumbo la mtu.

"Toka lini?"

"Muda."

"Kwa nini hukumwambia yule mama?"

"Nimwambie nini, Mama Salma? Kwamba mama wa bibi harusi kifua kimeoza? Wangesema ni ugonjwa wa ukoo. Wangesema watoto watakaozaliwa watakuwa hivi." Akafuta macho kwa kanga. "Afadhali wanione nina kiburi. Kiburi hakirithiwi."

Nilimkumbatia nikalia naye. Kisha nikamwambia kesho yake tunakwenda hospitali, na kwamba akikimbilia stoo nitamfuata na hiyo stoo nitaifunga kwa nje.

Mume wangu alitupeleka Kasulu kwa gari letu la mizigo. Kwenye foleni ya kupigwa picha alikaa nasi baba mmoja Mkongomani, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa na mguu umefungwa bandeji. Kifua cha Mwalimu kikaanza. Yule baba akasikiliza kwa heshima, akasema, "Mama, tumbo yako inaimba mu kifua. Docteur ataona tu." Mwalimu akakasirika, akasema tumbo haliwezi kuwa kifuani, alifundisha sayansi. Picha ilipotoka, daktari wa Kasulu aliitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu, akamwita mwenzake, naye akaita mwingine. Tukajua mambo si ya kawaida. Wakatuandikia rufaa ya Mwanza.

Daktari bingwa wa Mwanza alikuwa kijana mwembamba, kucha safi. Mwalimu alishaziangalia. Akatueleza kwamba kati ya kifua na tumbo kuna ukuta wa misuli, kiwambo, na Mwalimu alizaliwa na tundu kwenye huo ukuta, nyuma kidogo ya mfupa wa kifua. Ni jambo la nadra, akasema, na wengi hugundulika wakiwa watoto. La Mwalimu lilikaa kimya mpaka uzeeni, ndipo utumbo ukaanza kupanda. Akiinama, unapanda zaidi na kulibana pafu.

"Umepanda kufanya nini?" Mwalimu akauliza.

"Hauna kazi yoyote huko juu."

"Basi ushushwe."

Daktari akasema hatampasua tumbo zima. Atatoboa vitundu vidogo, aingize kamera na vyombo virefu vyembamba, auvute utumbo urudi chini, kisha ashone lile tundu na kuliwekea wavu. Kwanza watajaza tumbo hewa ili wapate nafasi ya kufanya kazi. Mwalimu akamwambia hewa asihangaike, yeye anakula maharage. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama sindano zitakuwepo. Daktari akasema zitakuwepo. Nikamshika mkono mapema.

Asubuhi ya upasuaji hakukimbia. Nilimwona amelala kwenye kile kitanda cha magurudumu, anamsalimia kila mtu aliyevaa kijani. Wauguzi walinisimulia baadaye kwamba alimfikia mtaalamu wa usingizi, akamuuliza wazazi wake wako wapi, wazima, wanalima nini, na dawa ikamkuta hapo. Alipozinduka, masaa yameshapita, kitu cha kwanza kusema kilikuwa, "Na watoto je?" Yule mtaalamu ilibidi ajibu.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje muda wote huo na Editha, aliyetufuata Mwanza. Nilisoma dua zote ninazozijua, na zilipokwisha nikaanza upya. Daktari alipotoka akitabasamu, nilimwinamia. Mimi, mtu wa shikamoo na marahaba.

Maumivu aliyoyalalamikia sana yalikuwa ya bega. "Nimewapa tumbo, wamefanya bega," akawa anasema. Daktari akaeleza kuwa ni ile hewa, itaisha, na ikaisha. Kisha Mwalimu akadai kuona kazi. Alisema hajawahi kurudisha daftari kwa mwanafunzi bila kulifungua, na hili lilikuwa tumbo lake. Daktari akacheka akamwekea Editha kwenye simu kipande cha video iliyopigwa na ile kamera. Mwalimu aliitazama mwanzo mpaka mwisho, mikono kifuani. "Tisini," akamwambia daktari. "Hizo kumi nimezizuia usije ukalewa sifa." Naye daktari akampa masharti yake: asibebe kitu kizito, na asiiname mpaka atakapomwona tena. Mwalimu aliuliza kama salamu nazo zimo. Zimo.

Tulirudi Kibondo tukidhani shida imekwisha. Kumbe. Huku kwetu mtu akitoka kupasuliwa, watu huja kumpa pole, na wanawake huingia chumbani kuuona mshono. Tumbo la mtu aliyepasuliwa tunalijua, lina kovu refu la kuonekana. Mwalimu akafunua kanga. Vialama vichache tu, kila kimoja cha kufunikwa na kidole gumba. Wanawake wakatazamana. Wakainama, wakatazama pembeni, wakamgeuza wakatazama na mgongo.

"Kwingine ni wapi?" mmoja akauliza.

"Ndiyo yote."

"Haya. Pole," wakasema, na ile pole ilikuwa na maji mengi.

Jioni mji mzima ulikuwa unajua kwamba Mwalimu alikwenda Mwanza kutembea. Na bado alikuwa hainami, sasa kwa amri ya daktari, lakini nani aliamini? Nilipiga simu Mabamba, nikamweleza yule mama yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Dada yangu," akasema, "mimi nimezaa kwa kisu mara mbili. Tumbo langu linaonekana. Mwambie asitafute maneno." Akakata. Nikavua miwani nikailaza mezani, nikajua Editha hana harusi.

Siku ya gulio mama wa Mabamba alikuja Kibondo kuuza maharage. Nilimwona akipita mbele ya duka, na sikufikiri. Nikamshika mkono. Sikumwomba, nilimvuta. Editha alikuwa likizo, nikamwita kwa sauti ambayo nadhani ilisikika kwa fundi baiskeli. Dukani nina televisheni ambayo mume wangu hutazamia mpira. Tukaiunganisha na simu.

Watu walijaa, maana walidhani kuna mechi. Ikatokea rangi ya waridi, inameremeta, na mafuta ya njano. Mume wangu akapunguza sauti, ingawa haikuwa na sauti. "Huyu nani?" muuza ndizi akauliza. "Mwalimu," Editha akasema, na wanaume wawili wakavua kofia. Vikaingia vile vyombo vyembamba, vinapapasa. Mbele likaonekana tundu, na utumbo umeingia humo, umepanda unapotelea juu. Chombo kimoja kikaushika kwa ustaarabu, kikauvuta. Ukaja kidogo. Ukateleza ukarudi. "Aaah," watu wote. Wakauvuta tena, ukaja, ukaja, mwingi, hauishi, na fundi baiskeli alikuwa anavuta na yeye kwa mikono miwili. Utumbo ulipotoka wote, dukani kwangu palipigwa makofi.

Mama wa Mabamba hakupiga. Alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kioo.

"Hicho kinachorukaruka huko juu?"

"Ni moyo wake," Editha akasema. "Ulikuwa umebanwa na utumbo."

"Na siku ile nilipokuja, haya yote yalikuwa huko juu?"

"Yote, mama."

"Na mimi nikamngoja ainame."

Alitoka, akavuka barabara, nasi nyuma yake. Mwalimu alikuwa barazani akichambua mchele. Yule mama akaanza tangu katikati ya barabara: akainama, makofi, sauti ile tamu, watoto je, nyumba je, usingizi je, maumivu je. Mwalimu akataka kuinuka ajibu, nikamwahi nikamkandamiza mabegani. "Daktari," nikamwambia. Ilibidi akae wima apokee salamu nzima bila kurudisha hata kofi moja. Sijawahi kumwona mtu anateseka hivyo. Sindano zote aliziweza, hii ilimshinda, machozi yakamdondokea kwenye mchele.

Mama wa Mabamba alipomaliza, akamshika viwiko. "Salamu yetu imekatika katikati," akasema. "Sitapanga harusi juu ya salamu iliyokatika, wazee wangu hawatakubali, na mimi mwenyewe sitakubali. Ukiruhusiwa, njoo kwangu uimalizie. Tarehe tutaisema siku hiyo."

Kusubiri kule kulikuwa kurefu. Mwalimu aliishi kama mfungwa, anawapungia watu kwa kidole kutoka barazani. Usiku, aliniambia, anaogopa kitu kimoja: kwamba atafika Mabamba, atainama, na pumzi itakatika tena mbele yao wote. Kazi ya daktari alishaipa tisini, lakini yeye mwenyewe hajawahi kuijaribu. Daktari alipomwona tena akamwambia yuko huru, ainame atakavyo. Nikamwambia ajaribie nyumbani kwanza. Akakataa. Alisema ya kwanza ni ya watu wa Mabamba, wao ndio wanaodai.

Mvua zilikuwa zimekwisha tulipokwenda. Mume wangu anaendesha, Mwalimu mbele, mimi na Editha nyuma. Uani kwa wakwe walikuwa wamejipanga, wazee kwenye viti, kijana amesimama nyuma ya mama yake. Mwalimu akashuka. Akaweka sawa kanga. Editha alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza.

Akainama. Alianza kidogo, kwa woga, mtu anavyoingiza mguu mtoni. Akashuka zaidi. Makofi yakaanza, taratibu, na mama wa Mabamba akashuka naye, wakaja wakakutana katikati, viwiko vikashikana. Watoto je. Wajukuu je. Mihogo. Mbuzi mmoja mmoja. Mpaka ng'ombe aliyekufa mwaka juzi aliulizwa. Wazee walijibu, wakauliza, wakamaliza. Mama wa Mabamba akataka kuinuka. Mwalimu hakuinuka.

Alibaki chini, kichwa kimeinama, hasemi. Wazee wakaacha kutikisa vichwa. Nikasikia Editha anasema mama, kwa sauti ndogo, na mimi nikaachia mkono wake nikakimbia, nimeshaiona ile midomo ya majivu, nikamshika bega nimnyanyue.

"Niache, Mama Salma," akasema kutoka huko chini. Sauti yake ilikuwa safi, nzima, ya darasani. "Napumua tu."